Michoro ya ukutani pamoja na wanafunzi: tathmini ya huduma tuliyoilipia Eastlands

Bodi ya usimamizi ya shule yetu, shule ya msingi ya umma iliyo Eastlands, Nairobi, si mbali na Barabara ya Jogoo, ilipatana na kikundi cha wachoraji waje kuchora ukuta wa nje wakishirikiana na wanafunzi wa Gredi ya 5 na ya 6. Mimi ni mzazi na mjumbe wa bodi hiyo, na ndimi niliyepewa jukumu la kufuatilia kazi tangu kupatana bei hadi rangi ilipokauka. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi na walimu wanaofikiria kuagiza huduma ya namna hiyo, kwa sababu vikundi hivi vimekuwa vingi Nairobi, bei zao zinatofautiana mno, na mara nyingi mteja huonyeshwa picha za kuta zilizokwisha kupendezeshwa bila kuelezwa ni nani hasa aliyezipaka rangi. Jina la kikundi sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya malalamiko yetu bado tunayazungumza nao, na katika mazungumzo hayo wamekuwa waungwana.

Kwa Sh68,000 tulipewa vipindi vya kuchora darasani, rangi na brashi zote, wachoraji wawili wakuu pamoja na wasaidizi wao, na kazi ya ukuta wenyewe mpaka ikamilike. Shule ilitoa mirunda na mbao za kupandia, maji, chai na chakula cha mchana. Fundi wa rangi wa kawaida angeupaka ukuta huo rangi moja kwa pesa chache kuliko hizo, na wajumbe wawili wa bodi walilisema jambo hilo bila kumung'unya maneno mkutanoni. Hoja yao ingekuwa na uzito kama tulichokuwa tunanunua ni rangi. Sisi tuliomba mafunzo ya watoto, na kwa hiyo nitaipima huduma hii kwa kigezo kimoja tu: ni sehemu gani ya kazi iliyobuniwa na kutendwa na wanafunzi wenyewe, na ni sehemu gani ambayo walifanyiwa.

Vipindi vya darasani ndivyo vilivyonipendeza kuliko yote yaliyofuata. Mchoraji aliyeviongoza alijifunza kazi kwenye gereji za kupamba matatu, na huenda ndiyo maana hakuwa na subira na michoro ya kunakili kutoka vitabuni. Siku ya kwanza aliwaambia watoto wachore kitu wanachokiona kati ya nyumbani na lango la shule. Karatasi zilipokusanywa, zaidi ya nusu zilikuwa na nyumba ya paa la pembetatu lenye bomba la moshi, mti mmoja kando na jua kwenye pembe ya juu, ilhali karibu watoto wote wa darasa lile wanaishi kwenye vyumba vya ghorofa au nyumba za mabati, na sidhani kama yupo hata mmoja aliyewahi kuona bomba la moshi juu ya nyumba ya jirani yake. Hakuwakaripia. Aliwatoa nje hadi langoni, akawataka wahesabu madirisha ya ghorofa iliyo ng'ambo ya barabara, waseme ni mangapi yenye nguo zilizoanikwa, kisha warudi darasani na kuanza upya.

Michoro ya awamu ya pili ilikuwa ya watu waliokwisha kuangalia. Palikuwa na matatu ya namba 58 ikielekea Buruburu huku kondakta akining'inia mlangoni kwa mkono mmoja, mama mboga akikatakata sukuma wiki juu ya gunia, toroli la smokie na mayai, bawabu wa shule na redio yake, na kamba za nguo zilizovuka kutoka roshani hadi roshani. Mchoro mmoja uliwatatiza walimu. Msichana wa Gredi ya 5 alikuwa amechora duara nyingi za manjano zilizopangwa safu safu ndani ya mstatili, na mbele ya mstatili duara moja nyekundu. Alipoulizwa, alieleza kwamba ni mkokoteni wa maji. Yeye anaishi ghorofa ya nne, na kila asubuhi huutazama mkokoteni huo kutoka juu, kwa hiyo anachokiona ni vichwa vya mitungi na kofia ya mwenye kuusukuma. Mwalimu wa darasa alitaka amwelekeze kuuchora upya kutoka ubavuni, wenye magurudumu, ili watu wautambue, lakini mchoraji alimwomba auache jinsi ulivyo. Nilikuwapo, na dakika hiyo niliona kwamba pesa zetu hazikupotea.

Mbinu ya kuhamisha michoro hadi ukutani nayo ilifundishwa vizuri, na inafaa kuelezwa kwa kuwa shule yoyote inaweza kuitumia bila gharama. Kila mchoro ulioteuliwa ulinakiliwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, lile lenye miraba. Ukutani watoto walipiga mistari kwa uzi uliopakwa vumbi la chaki: mmoja hushika ncha huku, mwingine kule, wa tatu huuvuta uzi katikati na kuuachilia, na mstari mweupe hubaki umenyooka kabisa. Mraba mmoja wa daftari ukawa mraba wa nusu mita ukutani. Baada ya hapo kazi ni kuangalia kila mraba mdogo una nini ndani yake na kukichora hicho hicho katika mraba wake mkubwa. Mwalimu wa hesabu alipoona hayo alihamishia somo lake la uwiano nje, na nadhani ndilo somo la uwiano ambalo darasa hilo halitalisahau upesi.

Mvutano wa kwanza ulitokea pale kikundi kilipotuletea mpango kamili wa ukuta. Katikati, mahali palipotengewa matatu, palikuwa pametokea twiga wawili, mti wa mgunga na jua la machweo. Tulielezwa kwamba wafadhili hupenda picha za aina hiyo, na kwamba kikundi kilikuwa kinatarajia kuitumia kazi yetu kuombea ufadhili mwingine. Sina ugomvi na twiga. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, imepakana na jiji hili hili, na wanyama hao ni wetu kama walivyo wa mtu mwingine yeyote. Lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amechora twiga, kwa sababu hakuna twiga kati ya nyumbani kwao na shule. Suluhisho halikutoka kwa bodi wala kwa wachoraji: mvulana mmoja alipendekeza twiga wachorwe ubavuni mwa matatu, kwa kuwa matatu huchorwa vitu vya kila namna. Ndivyo ilivyofanyika, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya ukuta inayochekesha na kupendeza zaidi.

Siku za kupaka rangi zilikuwa na mambo mawili yasiyofanana. Wanafunzi walipewa nusu ya chini ya ukuta na wachoraji wakachukua nusu ya juu, na hilo ni sawa, maana hakuna mzazi anayetaka kumwona mtoto wake juu ya mirunda. Watoto waligawanywa makundi madogo, kila kundi na ndoo zake, na walifundishwa kuchanganya rangi wenyewe kutoka kwenye rangi nyeupe ya maji na chupa ndogo za rangi kali. Kupata rangi ya ngozi ya mama mboga kuliwachukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Walianza na hudhurungi ya moja kwa moja kutoka kwenye chupa, wakaiona imekufa, wakaongeza manjano, wakaongeza nyekundu kidogo, wakalinganisha na mikono yao wenyewe, wakabishana. Hakuna aliyewaharakisha, na natoa sifa kwa hilo.

Tatizo lilikuja mwishoni. Kazi ilikuwa ikabidhiwe Jumatatu, na Jumamosi iliyotangulia wanafunzi hawakuwapo. Wasaidizi wa kikundi walipita sehemu ya chini yote, wakanyoosha mistari, wakatia vivuli, na kuzungushia kila umbo mpaka mweusi wa aina moja. Jumatatu asubuhi ukuta ulikuwa unang'aa, na wazazi wengi waliokuja kuutazama waliusifu. Mkokoteni wa maji ulikuwa umepata magurudumu mawili na mpini. Msichana aliyeuchora alisimama mbele yake akauliza, "Mwalimu, nani ameweka magurudumu?" na hapakuwa na mtu wa kumjibu. Tulipolalamika, mchoraji mkuu alirudi bila kutudai chochote, akayafuta magurudumu hayo kwa rangi ya ardhi na kuzirudisha duara zilizofichwa, lakini mistari ya mkono wa mtoto haikuwapo tena chini yake. Kinachoonekana leo ni nakala ya mtu mzima ya wazo la mtoto. Mpita njia hawezi kuitambua tofauti hiyo. Wanafunzi wanaijua, na huduma hii iliuzwa kwetu kwa jina lao.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu si la kikundi kimoja. Shule zetu zimezoea sanaa ya kushindania. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 na lile la Drama mwaka 1959, na kila mwaka waalimu wetu hutumia majuma mengi kuwanoa watoto ili waamuzi wasipate kosa. Nidhamu hiyo ina faida zake, lakini imetujengea mazoea ya kuona kazi ya mtoto kuwa haijakamilika mpaka mtu mzima aisafishe. Ukuta hauna mwamuzi, na ndiyo maana ulikuwa mahali pazuri pa kuyaacha mazoea hayo.

Kuhusu vifaa, sehemu kubwa ya ukuta ilipakwa rangi ya maji, ambayo haina harufu kali na huoshwa mikononi kwa sabuni ya kawaida. Ile mipaka myeusi, hata hivyo, ilipakwa rangi ya mafuta iliyolegezwa kwa tapentaini, na mikebe yake ilihifadhiwa kwenye veranda ya darasa. Rangi za mafuta ndizo zenye historia ya kutiwa madini ya risasi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, na Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mkebe tuliouomba tuuone haukuwa na maelezo yoyote kuhusu risasi. Labda rangi ile ilikuwa safi, lakini labda si neno la kutegemewa mahali ambapo watoto wa miaka kumi na mmoja hushika brashi kisha wakala mandazi. Atakayeagiza huduma hii aandike katika mkataba kwamba kazi nzima itafanywa kwa rangi ya maji, na kwamba mikebe itaonyeshwa kabla ya kufunguliwa.

Uimara wa kazi siwezi kuwalaumu sana. Kipande cha ukuta karibu na lango kilikuwa kimepigwa plasta mpya, na plasta ya saruji inahitaji takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi. Wachoraji walituambia hivyo. Bodi ndiyo iliyotaka kazi iishe kabla ya mkutano wa wazazi, na pale langoni rangi sasa imevimba na kuanza kubanduka. Vilevile walishauri ukanda wa chini kabisa, unaokaribiana na udongo, uachwe rangi nzito bila mchoro, kwa sababu unyevu hupanda kutoka msingini wakati wa masika. Hapo walisikilizwa, na ukanda huo umestahimili mvua bila shida.

Suala la picha ni zito kuliko lilivyochukuliwa. Fomu tuliyowapelekea wazazi ilihusu ushiriki wa mtoto katika mradi na haikutaja upigaji wa picha. Kikundi kiliweka mtandaoni picha za wanafunzi zikionyesha nyuso zao, sare zao na jina la shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso ni taarifa. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya hapa Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Tulipowaandikia wachoraji wetu, waliziondoa siku hiyo hiyo, wakaweka picha za mikono na za ukuta peke yake. Sifa kwa wepesi wao, lakini jambo hili lilipaswa kuulizwa mwanzoni, na bodi yetu nayo ingepaswa kulitia kwenye fomu.

Kuna pia habari ya nembo. Walipendekeza duka moja la vifaa vya ujenzi lichangie rangi na jina lake liandikwe kwenye pembe ya ukuta. Tulikataa, kwa kuwa ukuta unaotazama barabara ukishabeba nembo ya biashara unageuka tangazo la nje, na kaunti hutoza ada kwa matangazo ya nje. Hilo lilikwisha mapema.

Mtu anaweza kuuliza kama huduma ya aina hii, inayokuja na kuondoka, inafaa kulipiwa ilhali jiji lina mahali ambapo watoto hufundishwa sanaa mwaka mzima. Swali ni la haki. Wajukuu Art Project, iliyoko Mukuru upande wa Lunga Lunga, ilianzishwa na wasanii wa mtaa huo huo na ina darasa la watoto la kudumu. Kazi yao ilionyeshwa katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022. Korogocho kuna Ghetto Classics, inayofundisha watoto fidla, tarumbeta na ala nyingine za okestra katika uwanja wa kanisa jirani na jaa la Dandora. Na sisi wa Makadara tuna maktaba ya kaunti karibu nasi, mojawapo ya tatu ambazo shirika la Book Bunk limekuwa likizifufua pamoja na ile ya Kaloleni na McMillan ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931. Mtoto anayejiunga na mahali pa namna hiyo hupata mwalimu anayemjua jina na anayeona maendeleo yake mwezi baada ya mwezi. Kikundi chetu hakiwezi kutoa hilo, wala hakikuahidi. Kilichokuwa na nguvu kwao ni kwamba waliwafikia watoto wote wa gredi mbili, wakiwemo wale ambao hawangevuka barabara tatu Jumamosi kwenda kujifunza kuchora, kwa sababu Jumamosi wanalea wadogo zao.

Nafasi ya shughuli hii katika masomo nayo imebadilika. Katika miaka ya mwisho ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, uchoraji haukuwa kwenye mtihani huo, na somo lisilotahiniwa lilijulikana lilikokwenda: saa yake ilichukuliwa na hesabu. Mtaala wa Umilisi, uliochukua nafasi ya mfumo huo, unaiweka sanaa bunifu kwenye ratiba, na katika shule ya upili ya juu, ambayo kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia mwaka 2026, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Mwalimu wetu wa darasa ana somo la kufundisha, ana kitabu cha mwongozo, na hana brashi hata moja. Baada ya mradi, kikundi kilituachia brashi zilizotumika, zikiwa zimeoshwa na kufungwa kwenye gazeti, pamoja na ndoo tatu za rangi iliyobaki. Zimetumika muhula mzima.

Kati ya nyota tano ningewapa tano kwa vipindi vya darasani, mbili kwa siku ya mwisho, na tatu kwa mengineyo. Bei naiona ya haki mradi vipindi visipunguzwe. Wanayo pia huduma ya bei nafuu ambayo watoto huja siku moja kuweka alama za viganja vyao ukutani, na hiyo sioni sababu ya kuilipia. Anayetaka kuwaita azungumze nao mapema ili kazi iangukie Januari na Februari au likizo ya Agosti, kabla ya mvua za Machi hadi Mei au zile za Oktoba hadi Desemba. Sisi tumekwisha kuwaomba bei ya ukuta wa ndani, ulio kando ya tangi la maji, na barua tuliyowapelekea ina sharti ambalo halikuwapo mara ya kwanza: msaidizi asiguse mchoro wa mwanafunzi yeyote ila mwanafunzi mwenyewe awe amesimama pale, na amekubali. Wamejibu kwamba sharti hilo litaongeza siku mbili za kazi, na bodi imekubali kuzilipia.